Fisadi akihamia kwetu

Nimerudi Dar kutoka Marekani kwa wiki tatu, na kila jioni mjomba ananipeleka kijiweni kwake Temeke, si mbali na Mwembeyanga. Kahawa, kashata, drafti ya vizibo vya soda. Mjomba ni Chadema wa damu. Gwanda lake limechakaa, siku hizi analivaa akimwagilia mchicha. Mwenzake wa drafti ni jirani, CCM, kadi kaivalisha nailoni.

Juzi jirani akaniuliza, "Hivi kweli mtu ana makosa 34 na mmempa nchi tena?" Nikamwambia kweli. Mei 2024 Donald Trump alitiwa hatiani New York kwa kughushi kumbukumbu za biashara, Novemba akashinda urais. Kazini kwangu New Jersey wapo wanaoapa kwamba kesi ilipikwa. Jirani akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

Hapo ndipo nilipochokoza. Nikamkumbusha mjomba ile siku ya mwaka 2007 aliporudi kutoka Mwembeyanga sauti imemkauka, Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa Chadema wakati huo, amesoma orodha ya aliowaita mafisadi. Edward Lowassa wa CCM alikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura bila kuwa na uwezo. Mwenyewe alikana kufanya kosa. Mjomba alichinja kuku. Na alikuwa na haki yake, kwa sababu mgao wa 2006 ndio uliomfungisha karakana ya kuchomelea mageti. Mashine aliiuza kwa bei ya kutupa, mimi ndiye niliyemsaidia kuibeba.

Julai 2015 Lowassa akahamia Chadema, akapewa tiketi ya urais. Watu walipiga deki barabara apite! Mjomba akanipigia simu, kwake asubuhi, kwangu usiku wa manane, kuniambia mwenye ushahidi aende mahakamani. Dk. Slaa alipojiweka kando, mjomba akamwita msaliti. Mashine ya kuchomelea hatukuizungumzia.

"Mwambie! Mwambie!" jirani alikuwa anashangilia. Nikamgeukia na yeye. Mzee wangu, 2015 wewe fisadi ulikuwa unamtaja kila asubuhi kabla ya chai. Machi 2019 aliporudi CCM ulisemaje?

Akashika kizibo, akakizungusha kidoleni. "Alirudi nyumbani. Halafu marehemu hasemwi."

Sidhani kama kuna aliyedanganywa kati yao. Wote wawili wanakumbuka vizuri kuliko mimi, tarehe na majina. Wanachogombania ni nani aruhusiwe kusema.

"Na wewe," mjomba akasema, "huko kwenu hakuna mtu wenu?"

Yupo. Aliyekuwa seneta wetu, Bob Menendez, Mdemokrati. Wapelelezi walipopekua nyumba yake 2022 walikuta vipande vya dhahabu na dola zaidi ya 480,000, nyingine zimesokomezwa kwenye makoti. Januari 2025 akahukumiwa miaka 11. Mjomba akapiga mluzi.

"Ulimpigia kura?"

"2018. Kura yangu ya kwanza nikiwa raia."

"Hamkuwa mkijua?"

Tulijua kiasi. Alishashtakiwa 2015 kwa rushwa nyingine. Wale raia wanaokaa kuamua kesi hawakuafikiana 2017, na waendesha mashtaka wakaiacha.

"Hakukutwa na hatia, mjomba," nikasema. "Na mpinzani wake alikuwa wa chama cha Trump. Ningefanyaje?"

Wakatazamana. Jioni nzima hawakuwa wamekubaliana hata nani aanze kucheza.

"Mwenye ushahidi," jirani akasema taratibu, "aende mahakamani."

Mjomba alicheka huku akimla vizibo viwili kwa mpigo, kisha akamwambia muuza kahawa kwamba leo analipa Mmarekani.