Mara ya tatu ndo nikaingia

Mara ya kwanza sikuingia. Nilifika mpaka getini kwenye kikundi cha watu wanaotaka kuacha pombe, nikaona taa inawaka na watu wanapanga viti, nikatoa simu nikaiweka sikioni nikajifanya naongea, "ee, ee, sawa," na hamna mtu upande wa pili, nikageuka nikaondoka zangu. Usiku huo nilikunywa kuliko siku zote za wiki ile.

Mara ya pili nilijikaza nikarudi, nikakuta kufuli. Orodha niliyoikuta mtandaoni ilisema Jumanne saa moja jioni, kumbe ya zamani, kikundi kilishahama kitambo. Mtu mwingine angesema basi natafuta kingine, ila kichwa cha mlevi hakiko hivyo, changu kilifurahi kabisa, kikaniambia si umeona, we umejitahidi, wao ndo hawapo. Nikapoteza miezi minne hapo, kwa kufuli tu.

Ndo maana kama unatafuta mitingi nakwambia piga simu kwanza. Vikundi vingi vina namba, na anayepokea mara nyingi ni mtu wa kujitolea ambaye na yeye pombe ilishamtesa, kwa hiyo huna utakachosema kikamshtua. Mi nilipiga nimejifungia bafuni nanong'ona. Akaniuliza umekunywa leo? Nikasema ndiyo. Akasema njoo hivyo hivyo, we kaa usikilize. Halafu akauliza asubuhi kabla hujanywa mikono inatetemeka? Nikanyamaza, akaelewa, akaniambia basi daktari umuone kwanza, kesho, usisubiri Jumanne. Hili naomba mlishike jamani, kama unakunywa kila siku na kwa wingi usikate ghafla ukiwa peke yako, ile arosto ya pombe, yaani mwili ukiidai pombe uliyouzoesha, inaweza kukuletea degedege, ukaanza kuona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa nayo kweli. Kikundi si hospitali, na wao wenyewe watakwambia hivyo.

Yeye ndo alinielewesha pia kwamba kuna mitingi ya wazi na iliyofungwa. Ya wazi anaingia yeyote, hata mke au rafiki aliyekusindikiza, iliyofungwa ni ya wale tu wanaotaka kuacha pombe. Kwenye orodha huwa wameandika, mi nilikuwa nadhani "iliyofungwa" maana yake imejaa! Hiki changu ni cha AA, yaani Alcoholics Anonymous, ambayo ilianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, dalali wa hisa mmoja na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipogundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake kiu inapungua. Hadi leo sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada, wanachangishana wenyewe hela ya ukumbi na chai, na mgeni hadaiwi kitu. Unajitambulisha kwa jina la kwanza basi.

Sasa siku nilipoingia, nimekaa kiti cha karibu na mlango (bado natafuta pa kukimbilia), kuna mzee anagawa chai. Akaona mkono wangu. Wengine wote aliwajazia mpaka juu, mimi akanimiminia nusu kikombe, akanipa, akapita, hakusema neno wala hakuniangalia mara mbili. Nusu kikombe hakimwagiki. Nilijua hapohapo kwamba huyu mkono wa hivi anaufahamu, na nilikaa mpaka mwisho kwa sababu hiyo tu, si kwa maneno yoyote yaliyosemwa.

Maana maneno yenyewe, nisiwadanganye, mengine yalinichosha. Mmoja aliongea weee mpaka nikahesabu vigae vya sakafu. Tena ukiongea hakuna anayekujibu wala kukushauri, unamaliza wanasema asante anafuata mwingine, mwanzoni niliona kama dharau, sasa hivi ndo kitu ninachokipenda zaidi, maana nyumbani kila mtu ana ushauri. Na vikundi havifanani, kimoja kikikuboa jaribu cha pili na cha tatu kabla hujasema haya mambo si yangu. Kama yale ya AA ya kutegemea Nguvu iliyo kuu kuliko sisi, yaani Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa, yanakukwaza, wapo SMART Recovery, hao dini hawaigusi, wanakufundisha mbinu za kushughulika na mawazo na tamaa. Kama kutoka nyumbani ndo shida, kuna mitingi ya Zoom karibu saa zote, unazima kamera unasikiliza ukiwa kitandani. Na kama mlevi si wewe ila ni mumeo au mwanao, kuna Al-Anon, hiyo ni ya kwenu nyie mnaoishi naye.

Mimi nimeshateleza mara moja tangu nianze, siku mbili. Nilirudi nikiwa na aibu, nikakuta mzee yuleyule na birika lake, akamimina nusu.

Siku hizi kazi yangu ni viti. Nafika mapema, nafungua geti, nalisukuma kabisa mpaka ukutani libaki wazi, na nikiona mtu amesimama nje anaongea na simu muda mrefu mno, namwachia nafasi kile kiti cha karibu na mlango.