Siku moja na daftari la pango, upande wa Uvinza

05:30. Chai bado iko jikoni, lakini ubao wa kambi yetu ya kupima na kuchora mapango lazima ukamilike kwanza: majina ya wanaoingia, pango gani, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na muda wa kutafutwa. Huo wa mwisho tunauweka masaa mawili baada ya muda wa kutoka. Ukifika na watu hawajaonekana, tunawafuata. Hatukai kubishana kwamba labda wamenogewa.

Saa zetu zina mtego wake. Mwenyeji akiandika "saa 8" ana maana ya mchana. Mgeni kutoka Ulaya anasoma asubuhi. Tofauti ni masaa sita, na masaa sita ni mengi kwa mtu aliyeteguka goti ndani ya maji baridi. Mdomoni kila mtu aseme alivyozoea. Ubaoni na daftarini ni 14:00, basi.

07:15, mlangoni mwa pango. GPS iwekwe juu ya jiwe penye uwazi, isubiriwe itulie, kisha namba ziandikwe pamoja na kanda ya UTM, yaani mfumo unaoigawa dunia katika vipande vya nyuzi sita sita za longitudo. Uvinza iko kanda ya 36 Kusini, Kigoma mjini ni ya 35, kwa sababu mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita katikati. Ukiisahau kanda, pango linahamia mamia ya kilomita. Ramani za zamani zinatumia Arc 1960, GPS inatumia WGS84: ni misingi miwili tofauti ya kuhesabia mahali. Ukichanganya, unapotea karibu mita 300, na kichakani hizo zinatosha kukumalizia asubuhi nzima.

08:00 hadi 14:00, ndani. Mmoja anatangulia kuweka alama za vituo, mmoja anapima kwa leza, mmoja anaandika na kuchora. Mstari mmoja wa daftari unakuwa hivi:

A4–A5 / 7.32 / 163 / −12 / kushoto 0.8, kulia 1.5, juu 2.2, chini 1.1

Yaani kutoka kituo A4 hadi A5: umbali kwa mita, mwelekeo wa dira na mteremko kwa nyuzi, halafu nafasi iliyopo kila upande kwa mita. Pima tena ukirudi nyuma kutoka A5: dira isome 343, mteremko +12. Zikipishana zaidi ya nyuzi 2, rudia. Mara nyingi mchawi ni betri ya tochi ya kichwani au karabina ya chuma (pete ya kuunganishia kamba) iliyosogea karibu na dira.

Sauti nayo ina vituko. Kwenye mwangwi, sitini, sabini na tisini ni ndugu wa tumbo moja. Mpimaji ataje tarakimu moja moja, na mwandishi azirudishe kwa sauti kabla hajaandika. Hata hivyo sita na tisa hupenda kubadilishana. Tumia penseli, wino haushiki karatasi yenye maji. Ukikosea usifute: kata kwa mstari mmoja, andika upya pembeni. Ufutio na tope huzaa namba ya tatu isiyo ya mtu.

14:30. Kila aliyetoka anajikatia jina lake ubaoni mwenyewe, hakatiwi.

Ukurasa wa popo unajazwa kabla ya kuoga: nani alipita penye kinyesi, nani alivua barakoa, nani alichubuka. Virusi vya Marburg, vilivyozuka jirani zetu Kagera mwaka 2023, hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na homa yake inaweza kuchelewa hadi siku 21. Daktari akiuliza "ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita?", jibu liwe na tarehe.

18:00. Kurasa zinapigwa picha zikiwa na tope lake, ndipo zinachapwa kwenye Survex, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani za mapango. Njia iliyozunguka na kujifunga ikionyesha kosa kubwa, tunarudi kwenye picha kutafuta sita iliyogeuka tisa. Jina la faili ni mwaka, mwezi, siku, pango, ukurasa.

Nakala moja inabaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayosafiri na mtu mwingine kwenda Kigoma. Kwa mwenyekiti wa kijiji inakwenda ya karatasi, kwa Kiswahili, yenye ramani. Inayotumwa mitandaoni inaondolewa namba za GPS, hasa pango likiwa la matambiko au la popo wengi.

21:40. Ubao unafutwa, ila mstari wa watu ambao ukurasa wao wa popo bado una nafasi tupu.