Daraja la Brooklyn, saa nane usiku

Jana usingizi uligoma nikavaa hedifoni nikaanza kusikiliza Brooklyn Bridge, muziki kuhusu lile daraja la New York, wa Michael Daugherty, Mmarekani, kautunga 2005 kwa klarineti moja mbele na bendi nzima ya kupuliza nyuma yake, yaani filimbi, tarumbeta, matromboni, ngoma, zile violini za okestra hamna. Mimi sekondari nilipuliza klarineti (vibaya sana, tuyaache hayo) kwa hiyo klarineti ikipewa usukani mimi hoi.

Nilijua ntasikia vishindo vya vyuma mwanzo mwisho. Kumbe jamaa halichori daraja, kalipanda kasimama katikati anageuza shingo. Daraja lenyewe limebebwa na kamba kuu nne za waya, na yeye kakata muziki vipande vinne, kila kipande na upande wake: mashariki mtaa wa Brooklyn Heights, kusini sanamu ya Uhuru, magharibi Wall Street, mtaa wa mabenki, kaskazini maghorofa ya Empire State, Chrysler mpaka Rockefeller Center. Kaskazini ni swing tupu, ile jazi ya kuchezeka, alikuwa anamuwaza Artie Shaw, yule mkali wa klarineti wa miaka ya 40. Magharibi ndo pananibana koo, maana upande ule ndo yalikuwa yamesimama yale majengo pacha yaliyoanguka 2001.

Ila ninayoirudiarudia ni mashariki. John Roebling aliyelibuni daraja alipondwa mguu akafa kwa pepopunda 1869, hata ujenzi haujaanza, mwanae Washington akashika kazi, naye akapata ule ugonjwa wa kutoka haraka kwenye hewa iliyoshindiliwa, maana misingi walikuwa wanaichimba ndani ya makasha makubwa chini ya mto, basi akabaki nyumbani hukohuko Brooklyn Heights anaangalia mafundi dirishani kwa darubini. Mkewe Emily ndo akawa anabeba maagizo kupeleka saiti, zaidi ya miaka 10, mpaka daraja linafunguliwa Mei 1883. Kwa hiyo klarineti ikianza tu mimi namuona huyo mama na makaratasi yake kwapani (mtunzi hajasema hivyo jamani, ni kichwa changu).

Inasimuliwa Emily alivuka wa kwanza kwa gari la farasi kapakata jogoo, eti alama ya ushindi. Sasa kaka Daugherty, una klarineti mkononi, ala inayoweza kuwika kuliko zote, halafu jogoo unamuacha?