Saa Moja Mbele: Safari ya Tsaile

Saa ya gari ilionyesha saa kumi na nusu jioni tulipokata kona kuingia chuoni Tsaile, nami nikajipongeza kimoyomoyo. Zaidi ya kilomita 600 kutoka Phoenix, kama Dar na Arusha hivi, na bado tulikuwa na nusu saa kabla ofisi ya usajili haijafungwa. Nikaegesha. Kijana akachukua bahasha yake ya vyeti, tukatembea harakaharaka hadi mlangoni. Giza. Nikagonga kioo. Mlinzi aliyekuwa akipita na funguo zake akatutazama, akauliza, "Mmetoka Phoenix?" Hakungoja jibu, alishaanza kucheka.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Jimbo la Arizona halisogezi saa wakati wa kiangazi kama majimbo mengi ya Marekani, lakini Taifa la Navajo, eneo la wenyeji wa asili wa Marekani ambalo sehemu yake kubwa imo ndani ya Arizona, linasogeza. Halafu katikati ya Wanavajo wapo Wahopi, kabila jingine la wenyeji, nao hawasogezi. Mtu mzima niliyezaliwa Upareni, niliyezoea kutoa sita na kuongeza sita kichwani kila Mmarekani anaponitajia saa, hiyo moja ya ziada ndiyo iliyoniangusha. Simu zingetuambia, ila yangu ilikuwa imezima tangu Holbrook, na ya kijana ilikuwa mfukoni mwake, naye alilala karibu njia nzima.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Mimi ni mkalimani wa hospitali mjini Phoenix. Wateja wangu wengi ni Wakongo wa Kivu, watu walioletwa Arizona kama wakimbizi, na Kiswahili chao kimenifundisha unyenyekevu. Kazini nina mwenzangu anayetafsiri Kinavajo, mama wa makamo, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Chumba cha kusubiria kilitukutanisha. Siku moja nilimuuliza saratani wanaiitaje kwao, akaniambia jina lake ukilifasiri ni kidonda kisichopona. Nikakaa kimya muda mrefu. Mimi huwa nasema "saratani", mgonjwa ananitazama tu, kisha nasema "kansa", hapo anaanza kulia. Tangu siku ile tukawa tunabadilishana maneno kama watoto wanavyobadilishana gololi. Nilimpa "kifaru", lile gari la vita. Akapiga meza kwa kiganja. Wanavajo waliofanya kazi ya kupeleka ujumbe wa siri kwa lugha yao katika Vita vya Pili vya Dunia, waliotangulia wakiwa 29, waliliita gari hilohilo kobe.

Basi mwenzangu huyo ana mpwa wa miaka 19, amezaliwa na kukulia Phoenix. Alipata nafasi Diné College, chuo cha Wanavajo kilichoko Tsaile, na mama mtu hakupata ruhusa kazini. Nikasema mimi nitampeleka, nina gari na nina udadisi. "Anti, sihitaji dereva," kijana aliniambia kwa Kiingereza. Gari hakuwa nalo.

Ukitoka Phoenix unapanda tu. Yale madungusi marefu yenye mikono yanabaki nyuma, ardhi inainuka, na kwenye saa tatu asubuhi tulikuwa Flagstaff katikati ya misonobari, zaidi ya mita 2,000 juu, hewa ya Lushoto kabisa. Milima ya San Francisco imesimama juu ya mji. Kwa Wanavajo ndiyo nguzo ya magharibi, mmoja wa milima minne mitakatifu inayozunguka nchi yao. Kutoka hapo barabara ya I-40 inanyooka kuelekea mashariki, sambamba na reli, na treni za mizigo ni ndefu kiasi kwamba nilichoka kuhesabu mabehewa. Tulikaa mno Holbrook, kosa langu, nilitaka kuona miti iliyogeuka mawe. Chambers ndipo tulipoiacha barabara kuu na kugeuka kaskazini.

Sasa neno. Vitabu vyetu vya shule viliwaita "Wahindi Wekundu", na maeneo yao watafsiri wengine huyaita "hifadhi". Siwezi kuliandika. Hifadhi kwangu ni Mkomazi, ni mahali pa tembo na geti la kulipia. Wenyewe wanasema Taifa la Navajo, lina rais wake, bunge lake na mahakama zake, makao makuu Window Rock, na eneo lake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziweka pamoja. Wenyewe hujiita Diné, maana yake watu. Mbantu hahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya Ganado nikafungua redio, kituo cha KTNN, 660 AM. Mtangazaji alikuwa akisoma matangazo kwa Kinavajo, sauti ya taratibu yenye vikomo vya ghafla kooni, na mimi, bila kuelewa hata neno, nilijua kabisa anachofanya. Ni matangazo ya vifo na mikutano ya redio yetu ya zamani, bibi akinyamazisha nyumba nzima kwa kidole. Katikati ya mtiririko ule yakachomoza maneno ya Kiingereza ya "msaada wa ada" na tarehe ya mwisho. Kijana akafumbua macho. "Wanasema nini?" akaniuliza mimi. Tukatazamana, kisha tukacheka. Mkalimani wa Kiswahili anaulizwa Kinavajo na Mnavajo.

Kutoka Chinle barabara inafuata ukingo wa kaskazini wa korongo la Canyon de Chelly. Tulisimama mara moja. Unatembea juu ya mwamba mwekundu ulio bapa kama sakafu, halafu sakafu inakwisha. Chini kabisa, palikuwa na shamba la mahindi la kijani, dogo kama leso, na kibanda. Watu wanalima kule mpaka leo. Mwaka 1864 askari wa jeshi la Marekani chini ya Kit Carson waliingia humo, wakachoma mahindi na kukata mipichi, mpaka njaa ikawatoa watu wenyewe. Maelfu walitembezwa kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, na wengi walifia njiani na kambini. Walirudi baada ya mkataba wa tarehe 1 Juni 1868. Mkataba huo uliahidi nyumba ya shule na mwalimu kwa kila watoto 30. Ahadi ilipotimizwa ilikuja na viboko.

Hilo nilisimuliwa usiku ule na bibi yake kijana, kwa sababu baada ya kukuta ofisi imefungwa hatukuwa na pa kwenda isipokuwa kwake, Lukachukai, mwendo mfupi kutoka chuoni. Alitupokea mlangoni. Mkono wake uligusa wangu kidogo tu, kama mtu anayepima joto la maji, nami niliyezoea kumshika mtu mkono na kuendelea kuushikilia mpaka habari ziishe, nikabaki na mkono hewani. Jikoni alikuwa akikoroga uji wa mahindi ya bluu kwa kifungu cha vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja. Alichota majivu ya mti wa mreteni, akayachekecha ndani, na uji uliokuwa wa kijivu ukabadilika rangi mbele ya macho yangu. Nikamwambia kwetu nao tunakoroga, ila kwa mwiko mmoja. Akasema mmoja utaacha mabonge. Sikubishana, nilikuwa mgeni.

Kisha akamgeukia mjukuu na kumuuliza jambo kwa Kinavajo. Kijana akainamisha kichwa. Nikatafsiriwa: alimtaka ajitambulishe kwa koo zake nne. Ukoo wa mama unatangulia, maana huo ndio wako, kisha wa baba, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Mtu akishataja hizo, watu wanajua wamwite kaka, shangazi au mjukuu, na nani asimtongoze. Kijana alijua ule wa kwanza tu. Bibi hakumkemea. Akanigeukia mimi.

Nikaanza kwa kujiamini. Ukoo wa baba, wa mama. Wa tatu nikababaika. Wa nne, kimya. Mwanamke wa miaka 46 mwenye shahada mbili. Kijana akanitazama kwa furaha ambayo sikuiona usoni mwake tangu Phoenix.

Bibi huyu alipelekwa shule ya bweni ya serikali akiwa mdogo, na huko aliyenaswa akisema Kinavajo alioshwa mdomo kwa sabuni. Nikamwambia kuhusu kibao cha shule yetu ya sekondari, kile kilichovishwa shingoni mwa aliyesema Kiswahili, nacho unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Akataka kujua aliyekivisha alikuwa mzungu. Nikasema hapana, alikuwa mwalimu wetu, Mpare kama mimi. Alitikisa kichwa polepole.

Baadaye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo hikihiki. Kabila lilikianzisha mwaka 1968, kikiitwa Navajo Community College, chuo cha kwanza Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na kabila lenyewe, na masomo yakaanza Januari 1969 Many Farms katika majengo ya kuazima ya shule ya bweni. Yaani alirudi kwenye kuta za aina ileile, na humo ndimo alimoona kwa mara ya kwanza lugha yake imeandikwa ubaoni kwa chaki. Alisema alidhani mwalimu atafukuzwa kazi.

Asubuhi tuliwahi. Chuo kilihamia Tsaile mwaka 1973, na kimepangwa kwa mduara kama hogan, nyumba ya jadi ambayo mlango wake hutazama mashariki. Katikati ya tambarare linasimama jengo la vioo la ghorofa sita lenye pande nane, lililopewa jina la Ned Hatathli, Mnavajo wa kwanza kukiongoza chuo. Milima ilionekana ndani ya vioo vyake. Usajili ulichukua dakika 40. Waliomba cheti cha uzawa wa kabila. Wasio wa kabila wanapokelewa pia. "Hata wewe unaweza kusoma hapa," dada wa dirishani aliniambia. Alisema kweli, si mzaha.

Nikimngoja, nilisoma ubao wa matangazo kuanzia juu hadi chini, tabia niliyoianza sekondari. Ufadhili wa American Indian College Fund. Nafasi za utafiti wa kiangazi kwenye vyuo vikuu vya mbali. Timu ya upinde na mishale. Warsha ya sufu ya kondoo. Basi la shule linahitaji madereva. Mimi nimelelewa na mbao za namna hii, na siku hizi zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp: fursa, fursa, fursa, na kila fursa ina maana moja, ondoka. Niliondoka. Hapa robo tatu ya karatasi zilimwambia kijana aende na nyingine zikamwambia abaki, zimebandikwa bega kwa bega kwa pini zilezile.

Binti mmoja aliyekuwa akibandika tangazo aliniona nasoma. Anasoma sayansi, anapima maji ya visima. Kwenye ardhi ya Wanavajo kuna migodi ya urani zaidi ya 500 iliyotelekezwa, mingine kwenye milima hiyohiyo ya Lukachukai niliyokuwa naipiga picha. Nilimuuliza kama akimaliza ataenda mjini. "Visima viko hapa," akasema, akaendelea kubandika.

Habari iliyokuwa midomoni mwa watu wiki ile, hata hivyo, ilikuwa ya fedha. Vyuo vya aina hii ni zaidi ya 30 nchini Marekani, na vinaishi kwa fedha za serikali kuu kwa msingi wa mikataba na sheria ya mwaka 1978. Pendekezo la bajeti la Washington la mwaka 2025 lilitaka kuzishusha kutoka zaidi ya dola milioni 180 hadi karibu milioni 22. Watu walilitaja kwa sauti ya kawaida mno, kama unavyotaja ukame. Septemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ikatangaza nyongeza ya zaidi ya dola milioni 100, ya mara moja tu. Mwenzangu aliponionyesha habari ile kwenye simu nilishangilia. Yeye akasema, "Ya mara moja," akarudisha simu mkobani.

Kijana alitoka na kadi yake na ratiba. Somo la kwanza, Kinavajo cha kuanzia. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino majina manne, ambayo bibi yake alimtajia wakati mimi nimelala. Alikuwa akiyanong'ona.

Nikaenda garini, nikaichaji simu, nikahesabu. Tsaile saa tatu asubuhi, nyumbani ni saa kumi na mbili jioni. Safari hii sikukosea. Mama alipokea na kelele za mbuzi nyuma yake.

"Shikamoo mama. Bibi mzaa mama, yeye alikuwa wa ukoo gani? Na yule mzaa baba?"

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Kuna bibi mmoja huku ameniuliza."

"Bibi gani?"

"Mnavajo. Anafuga kondoo."

Mama akanyamaza kidogo. "Na wewe ukamjibu nini?" Kisha, kabla sijapata uongo wa kumpa, akasema, "Chukua kalamu." Kalamu nilikuwa nayo. Karatasi sikuwa nayo, nikafungua kiganja.