Dawa ya ini ilivyohitaji kwanza nitibiwe sonona

Matibabu yangu ya homa ya ini aina ya B ni kidonge kimoja cha tenofovir kwa siku. Hakuna sindano wala kulazwa. Lakini ini lilikuwa haliniumi, na siku nzima ningeweza kujiona mzima, mpaka saa ya dawa ifike. Hapo ndipo ugonjwa uliponijia wote: hofu ya saratani, hofu ya kuwaambukiza wa nyumbani, aibu. Simu ikilia kunikumbusha, naizima. Kuna siku kidonge kilibaki kwenye kopo.

Uchovu ndio ulionichanganya zaidi. Homa ya ini huchosha, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo huchosha, kwa hiyo kila nilipoamka bila nguvu nililisingizia ini. Kisha jamaa mmoja akaniambia kuna mtu alimeza dawa miezi mitatu akapona kabisa. Nikaona dawa yangu imeshindwa, nami nimeshindwa pamoja nayo. Baadaye nilielezwa kwamba yule alikuwa na aina ya C, ambayo wengi hupona kwa dawa za wiki 8 hadi 12. Ya B ni tofauti: dawa huzuia virusi visizaliane, lakini vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya kiini cha seli za ini. Ukiacha dawa kiholela, virusi vinaweza kufumuka na kulijeruhi ini vibaya.

Kipimo cha wingi wa virusi kilipopanda, daktari hakunigombeza. Aliniuliza usiku nalalaje. Nikajaza dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa furaha, hata mawazo ya kutamani kufa. Nilijibu ukweli, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Nilipelekwa kwa mshauri wa afya ya akili, nikaanzishiwa pia dawa ya sonona, ambayo daktari aliichagua akijua hali ya ini langu, kwa kuwa nyingi huchakatwa humo humo.

Mshauri alianza na hofu ya kuambukiza, maana ndiyo iliyokuwa ikinila. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Havipiti kwa sahani wala kwa kukumbatiana. Nilipata ujasiri wa kumwambia mwenzangu. Akapimwa, hana, akachanjwa. Siwezi kueleza mzigo ulioshuka siku ile.

Mwenzangu akaanza kuniuliza kila usiku, "Umemeza?" Alikuwa na nia njema, ila nilijihisi kama ninachunguzwa. Tukakubaliana nitumie kijisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, nikiweke penye mswaki. Akitaka kujua, atazame mwenyewe.

Siku za giza bado zinakuja. Zikija, nameza kidonge kabla sijaamua lolote kuhusu siku hiyo. Nikisahau, nameza nikikumbuka siku ile ile, sirundiki viwili kesho yake. Na kwa kuwa wasiwasi wangu hupanda kila inapokaribia ultrasaundi ya ini ya kila miezi 6, miadi ya mshauri sasa naiweka wiki hiyo hiyo, kabla ya kipimo.