Uzoefu wangu: jinsi nilivyounda kiti cha mbio za marathoni hapa Mwanza

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yangu ipo Mabatini, jijini Mwanza. Kazi zinazoniingizia kipato ni mageti, madirisha ya nondo na matela ya pikipiki. Kiti cha mbio cha watu wenye ulemavu sijawahi kukiona kwa macho yangu, isipokuwa hicho nilichokiunda mwenyewe. Naeleza kazi hiyo ilivyokwenda kwa sababu mafundi wenzangu wa Geita na Musoma wamekuwa wakiniuliza, na mengi ya muhimu hayaonekani kwenye picha.

Aprili 2025, kama Watanzania wengi, nilikuwa nikifuatilia Boston Marathon, mbio za kilomita 42 huko Marekani, kwa ajili ya mwanariadha wetu Alphonce Simbu, ambaye alimaliza wa pili kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Kabla wakimbiaji hawajatokea, walipita watu wa viti, yaani wanariadha wenye ulemavu wanaosukuma viti vya magurudumu kwa mikono, wakiwa wameinama, kasi yao ikiwa ya pikipiki. Mwaka mmoja kabla yake, Marcel Hug wa Uswisi, mmoja wa watu wa viti, aliimaliza njia hiyo hiyo kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 33, ingawa aligonga kizuizi kwenye kona, ilhali mshindi wa mbio za miguu, Sisay Lemma wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 6 na sekunde 17. Mwendo wa Hug ni wastani wa zaidi ya kilomita 33 kwa saa, kwa nguvu ya mikono pekee.

Siku chache baadaye alikuja karakana binti anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, ambaye tangu kuzaliwa miguu yake haina nguvu wala hisia. Ni mteja wangu wa siku nyingi, kwa kuwa mimi ndiye ninayemtengenezea baiskeli yake ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa pedeli za mikono.

“Shikamoo fundi. Umewaona wale wa viti? Kama kile utaweza?”

“Marahaba mwanangu. Nionyeshe kwanza sheria zake, ndipo nikujibu.”

Sheria ndizo zilizotuongoza, maana kiti kisichokubalika kwenye mashindano ni chuma tu. Baiskeli yake ya pedeli isingefaa, kwani katika mbio za viti hakuna mnyororo, gia wala wenzo wa kusukumia. Kila gurudumu kubwa huwa na ringi moja ya mviringo ambayo mwanariadha huipiga kwa mkono. Gurudumu kubwa, pamoja na tairi iliyojazwa upepo, halitakiwi kuzidi sentimita 70, na dogo la mbele halitakiwi kuzidi sentimita 50. Mwili wa kiti usiwe juu ya sentimita 50 kutoka ardhini, wala kitu chochote kisitokeze nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kilichonitia moyo zaidi ni kujua kwamba Bob Hall, Mmarekani wa kiti cha magurudumu ambaye mwaka 1975 aliahidiwa cheti cha Boston endapo angemaliza chini ya saa 3 na akamaliza kwa saa 2 na dakika 58, baadaye aligeuka kuwa mtengenezaji wa viti vya mbio. Aliyefungua njia hiyo alikuwa mtu wa karakana.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa magurudumu. Yale ya inchi 28 yaliyozoeleka kwenye baiskeli za kubebea mkaa na ndizi yana sentimita 71, hivyo hayaruhusiwi. Nilitafuta kwenye baiskeli za mtumba hadi nikapata ringi nyembamba za baiskeli za mashindano, ambazo zikivishwa tairi hufika sentimita 67 hivi. Lakini gurudumu la baiskeli hushikwa pande zote mbili, na la kiti hushikwa upande mmoja tu, kwa hiyo ekseli yake nyembamba ingepinda mara moja. Nilichukua habu (vitovu vya magurudumu) na ekseli nene za viti vya kawaida vilivyochakaa, nikabadilisha beringi, kisha nikafunga spoku upya.

Kazi iliyochukua muda mrefu ni sehemu ya kukalia. Kiti cha mbio hakikaliwi kama cha hospitalini. Mwanariadha wa aina yake hupiga magoti ndani yake, miguu imekunjwa chini ya makalio na kifua kimeinamia mapaja, ili mabega yakae juu ya magurudumu na uzito wa mwili uingie katika kila pigo. Nafasi ikizidi kidogo tu pembeni mwa nyonga, mwili huyumba na nguvu ya mkono hupotea bure. Kiti hiki, kwa kweli, hushonwa kama suti. Mke wangu ndiye aliyempima upana wa nyonga, urefu wa paja na umbali kutoka begani hadi kwenye vifundo vya vidole, mimi nikiandika. Kisha tukatengeneza umbo la katoni, binti akaingia, tukakata, tukaongeza, akaingia tena, na chuma hakikuguswa mpaka aliposema kwamba anaweza kupumua vizuri akiwa ameinama.

Kuna jambo ambalo fundi asipolijua atamuumiza mteja wake bila yeyote kati yao kufahamu. Mtu asiye na hisia miguuni hasikii maumivu anapobanwa, na kidonda cha kubanwa huanza kimyakimya na kuchukua miezi kupona. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitushauri aanze kwa kukaa dakika 15 tu, kisha mama yake akague ngozi ya magoti na vifundo vya miguu. Wekundu usipoisha ndani ya nusu saa, sponji ya ndani ya kiti ibadilishwe. Tuliibadilisha mara kadhaa, na kila boliti iliyokuwa na ncha upande wa ndani niliikata na kuifunika kwa mpira.

Jambo la pili ambalo picha haziwezi kufundisha ni unyoofu wa magurudumu. Kwa juu yanaegemea ndani, yangu kwa nyuzi 12 hivi, ili mikono ifike kwenye ringi bila kugonga tairi na kiti kisipinduke kwenye kona. Lakini yakitazamwa kutoka juu lazima yaende sambamba kabisa, la sivyo tairi zinakwaruza lami badala ya kubingirika. Kwa sababu hiyo bomba la ekseli sikulichomelea; nililibana kwa vibano vya boliti ili liweze kuzungushwa kidogo. Kisha, kiti kikiwa juu ya sakafu tambarare, nilitia alama ya chaki kwenye kila tairi, mbele na nyuma, katika kimo cha ekseli, nikapima umbali baina ya alama hizo. Mbele palizidi nyuma kwa milimita 4. Kiti kikiwa hivyo, ukikisukuma kilisimama baada ya hatua chache. Nilipoiondoa tofauti hiyo kilivuka karakana nzima na kugonga geti la mteja lililokuwa likisubiri rangi. Naamini kipimo hicho kina thamani kuliko alumini yote ninayoambiwa ninunue.

Usukani ulikuwa na fumbo lake. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji ya mvua yaende mtaroni, na kiti nacho hufuata maji. Viti vya wenzetu vina kifaa chenye springi kinacholishikilia gurudumu la mbele katika pembe iliyochaguliwa, ili mikono isiache kusukuma kwa ajili ya kurekebisha mwelekeo. Mimi nilitumia springi mbili za stendi ya pikipiki, moja kila upande, pamoja na skrubu ya kurekebishia. Breki ni ya baiskeli, gurudumu la mbele. Glovu tulizishonesha kwa fundi viatu kwa ngozi nene, na ringi za kusukumia nikazizungushia vipande vya tyubu kwa solusheni ili zisiteleze zikilowa jasho.

Kiti kilipokamilika kilikuwa na kilo 17, wakati vile vya alumini na kaboni huwa karibu na kilo 10. Kwenye tambarare uzito huo hausumbui sana, lakini kwenye mlima unaumiza. Mazoezi hufanyika Jumapili alfajiri kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kabla daladala hazijajaa na kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Matuta ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa kila tuta humlazimisha kusimama karibu kabisa.

Katika mbio za kilomita 21 alizoshiriki kanda hii, alimaliza kwa saa 1 na dakika 38, na dakika za mwanzo alizipoteza akiwa amezibwa, kwa sababu waandaaji waliwaanzisha wakimbiaji na watu wa viti kwa pamoja. Boston, London na New York huwatanguliza watu wa viti, na si kwa heshima tu: kwenye mteremko kiti hakiwezi kukwepa kundi la wakimbiaji wa miguu, na Boston penyewe wao hushushwa mteremko wa mwanzo kwa mwendo uliodhibitiwa. Tuliandika barua kuomba watangulizwe dakika 15 pamoja na pikipiki ya kuonyesha njia. Tumejibiwa kwamba watapewa 10, na pikipiki itakuwepo. Wakati huo huo fremu ya pili imeshakatwa. Ni ya kijana wa Sengerema mwenye mabega mapana zaidi, na bomba lake la ekseli nimelirefusha kwa sentimita 4.