Inapanda, Lakini

Juzi mwanangu kanionyesha grafu kwenye simu. "Sasa mtu anajuaje kama inapanda kweli, au imetokea tu?" Nikamjibu kijuujuu, maana akili ilishakimbilia kwa mzee mmoja wa takwimu niliyefanya naye kazi, na namba zake za mto.

Ilikuwa ofisini, ripoti ya mto ikiandaliwa. Bosi alikuwa na kima cha juu cha maji kwa kila mwaka, miaka 10, na sentensi keshaiandika: mafuriko yanazidi. Alichotaka ni saini ya mzee tu.

Mzee hakugusa kompyuta. Alizipanga namba kwa mfuatano wa miaka, akanipa penseli. "Shika mwaka wa kwanza, ulinganishe na kila unaoufuata. Maji yakizidi, weka jumlisha. Yakipungua, weka toa." Kisha wa pili, kisha wa tatu. Namba 10 huzaa jozi 45. Bosi kaniinamia begani, jumlisha anazihesabu kwa sauti, toa anazimeza. Tukamaliza: 33 kupanda, 12 kushuka. Tofauti 21.

"Si unaona!"

"Naona. Lakini zitie kwenye kofia, uzichanganye, uzitoe ovyo. Kama mara 7 katika 100 utapata tofauti ya 21 au zaidi, iwe ya kupanda au ya kushuka." Kwa kipimo hicho, cha wanatakwimu Mann na Kendall, ukishika mpaka wa 5 kwa 100, yaani ukikubali tu kile ambacho bahati ingekileta chini ya mara 5 katika 100, miaka 10 inadai tofauti ya 23.

Bosi hakuwa mjinga. "Kushuka kunanihusu nini? Hesabu kupanda peke yake." Na kweli, hapo inabaki chini ya 4 kwa 100. Inapita!

"Ungeniambia kabla hujaziona namba, ningekubali," mzee akasema. "Mto ungeshuka, usingeniletea sentensi ya ukame?"

Bosi akacheka tu. Ripoti ikatoka na neno "huenda".

Nani alikuwa sahihi, sijui mpaka leo. Huo mpaka wenyewe wa 5 kwa 100, ulioenezwa na kitabu cha mwanatakwimu Ronald Fisher cha 1925, ulichaguliwa kwa kuwa unafaa kazini, haukushuka mbinguni. Tena baadaye niligundua kwamba mwaka wa nne ulizidi wa tano kwa sentimita moja. Jozi hiyo moja ingegeuka, tungepata 34 kwa 11, yaani 23 kamili. Nikamwonyesha mzee. Akasema hilo nalo ningelisema kabla.